Chakula Kilichotangulia

Somo: Yohana 21:1–14



Somo letu latupeleka ufuoni pa bahari ya Tiberia, alfajiri, baada ya Bwana kufufuka. Wanafunzi 7 wamekesha usiku kucha wakivua, wala hawakupata kitu. Kulipopambazuka wakamwona mtu amesimama ufuoni, wasimjue. Akawaambia watupe wavu upande wa kuume, nao ukajaa samaki hata wasiweze kuuvuta. Mambo hayo tumezoea kuyahubiri, nasi huyahubiri kwa furaha. Lakini liko neno moja ambalo wengi wetu hulipita mbio. Waliposhuka pwani walikuta moto wa makaa, na samaki juu yake, na mkate. Samaki wao 153 walikuwa bado wavuni. Basi samaki aliyekuwa motoni hakutoka katika wavu wao. Chakula kiliwatangulia.

Tena Mwinjilisti ataja makaa, naye hakulitaja neno hilo bure. Kila mama anayepika kwa kuni ajua maana yake. Kuni hazigeuki makaa mara moja. Huwashwa, hufuka moshi, huwaka kwa ndimi, na ndipo hukaa chini zikawa nyekundu na zenye joto lililotulia, lifaalo kuoka samaki bila kuwaunguza. Maana yake ni kwamba wanafunzi walipokuwa wangali gizani wakivuta wavu mtupu, Bwana alikuwa amekwisha kuwasha moto. Walipokuwa wanachoka, yeye alikuwa anachochea. Mfalme wa utukufu, ambaye siku zile chache zilizopita alikuwa ameyavunja malango ya mauti, hakuona haya kuinama juu ya mafiga kwa ajili ya watu waliolowa maji na wenye njaa.

Kwa sababu hiyo napenda kusema nanyi leo habari ya chakula cha nyumbani kinachotayarishwa kabla ya saa yake. Pengine mtu atasema, Mchungaji ameacha Injili na kuingia jikoni. Lakini ni Injili yenyewe iliyotuingiza jikoni.

Ninyi mwajua jinsi mwaka wetu ulivyo. Mvua yetu ni moja, huanza Novemba au Desemba, ikatushika hata Aprili na Mei. Katika miezi hiyo kazi zote hutujia pamoja: kupanda, kupalilia, kutia mbolea, kupalilia tena. Mama hutoka nyumbani kabla ya jua, mtoto wa pili mgongoni na jembe mkononi, na mashamba mengine ni mbali, mwendo wa saa moja au zaidi. Naye yule mtoto aliyekwisha kuacha kubebwa huachwa nyumbani na bibi yake, au na dada yake wa miaka 7. Asubuhi hupewa kikombe cha uji. Kisha hungoja. Mama hurudi jioni, atafuta kuni, achota maji, awasha moto, na ugali ukiiva mtoto amekwisha kulala. Wengine huamshwa wale. Wengine huachwa walale.

Niliingia siku moja katika nyumba ya namna hiyo, mwezi wa Februari, nikamkuta bibi mzee ameketi mlangoni na mjukuu wake. Nikamwambia, “Shikamoo, bibi.” Akaitikia, “Marahaba, mwanangu Mchungaji.” Nikamwuliza kama mtoto amekula. Akajibu kwa moyo mweupe kabisa, “Amekula, baba. Amekula asubuhi.” Nayo ilikuwa saa tisa mchana. Bibi yule hakusema uongo, wala hakuwa mtu mwenye moyo mgumu. Ndani ya nyumba palikuwa na mahindi, palikuwa na maharage, na nyuma ya nyumba palikuwa na mparachichi uliozaa. Kilichokosekana ni chakula kilichopikwa, na bibi hakuwa na nguvu za kutwanga wala za kupasua kuni.

Hapo ndipo pana ajabu ya nchi yetu, nami nataka mwitafakari kwa uchungu. Mikoa yetu huitwa ghala la taifa. Malori hupanda na kushuka Kitonga yakichukua mahindi, viazi na mbao. Mchele wa Kyela wasifiwa mpaka Dar es Salaam. Parachichi za Njombe na Rungwe hupakiwa kwenda ng’ambo. Hata hivyo uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwaka 2022 ulionyesha ya kuwa katika mkoa wa Iringa zaidi ya nusu ya watoto walio chini ya miaka 5 wamedumaa, na Njombe wapata nusu. Lakini kwa nchi nzima ni kama 30 katika kila 100. Maana ya kudumaa si ufupi tu wa kurithi. Ni mwili ulionyimwa kwa siku nyingi, kidogo kidogo, katika miaka ile ya kwanza ambayo mifupa na ubongo hujengwa. Mtoto wa namna hiyo hafi mbele ya macho yetu, kwa hiyo hatumlilii. Tutamwona baadaye shuleni, asiyeshika masomo, na mwalimu atasema ni mvivu.

Katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529 Martin Luther aliieleza Amri ya Tano, ile ikatazayo kuua. Alifundisha ya kuwa haivunjwi na upanga peke yake. Aonaye mwenye njaa, naye aweza kumlisha, asimlishe, huyo mbele ya Mungu ana hatia ya kufa kwake. Sisi tumezoea kuisoma amri hiyo tukifikiri majambazi. Luther aliitia ndani ya nyumba. Nami nadhani ikiwa imeingia nyumbani, haiwezi kuupita mlango wa jikoni.

Lakini yuko atakayenijibu kwa Maandiko. Atasema, Je, Bwana hakufundisha katika Mathayo 6 tusiisumbukie kesho? Kupika leo kwa ajili ya kesho si upungufu wa imani? Neno hilo limewahi kusemwa mbele yangu na mkristo mwenye bidii, nalo lastahili jibu. Bwana alikataza masumbuko, yaani ule moyo unaojila wenyewe kwa hofu, usiku, bila kufanya neno. Hakukataza mikono kufanya kazi mapema. Someni habari ya mana katika Kutoka 16. Watu waliojiwekea kwa tamaa na kutomwamini Mungu waliikuta asubuhi imeingia mabuu na kunuka. Lakini siku ya sita Mungu mwenyewe aliwaagiza waokote mara mbili, waoke na kutokosa, na iliyobaki waiweke hata kesho, nayo haikuoza. Chakula ni kile kile, kuweka ni kule kule. Tofauti ilikuwa katika moyo na katika agizo. Mmoja aliweka kwa kuwa aliogopa kwamba Mungu hatakuwapo kesho, na mwingine aliweka kwa kuwa alimsikia Mungu akisema juu ya kesho.

Anayefunika maharage maji usiku ili yaive upesi alfajiri hasumbuki. Analala usingizi vizuri kuliko yule ambaye hakuyaloweka.

Sasa niwakumbushe jambo lililofanyika kwetu, ambalo vijana wengi hawalijui. Mwaka 1983, mkoa wa Iringa ulipokuwa ungali mmoja na Njombe, Makete na Ludewa, Serikali pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya watoto na ya afya walianza kazi kubwa ya lishe katika vijiji 168, kwa msaada wa fedha za Italia. Watoto walipimwa uzito kijijini, mbele ya wazazi wao, na hesabu ikapelekwa kwa halmashauri ya kijiji, watu wajiulize wenyewe kwa nini mtoto wa fulani anakonda na wafanye nini. Jibu mara nyingi halikuwa kwamba chakula hakipo. Waliona mama amelemewa na kazi, waliona mtoto analishwa mara chache mno kwa siku, na uji wenyewe ni mwepesi. Vijiji vingine viliweka mahali pa kuwalisha watoto wakati wazazi wako shambani. Katika miaka 5 watoto waliokonda vibaya kabisa walipungua hata wakawa chini ya nusu ya hesabu ya kwanza. Wala mvua haikuwa imeongezwa, wala udongo haukuwa umegeuzwa. Nawaambieni habari hiyo ili mtu asiseme, Sisi ndivyo tulivyo, watoto wetu ni wadogo tangu zamani.

Tumbo la mtoto mchanga ni dogo. Haliwezi kupokea jioni kile kilichokosekana mchana. Hata miezi 6 maziwa ya mama yamtosha, bila maji wala uji. Baada ya hapo huanzishiwa chakula laini mara 2 au 3 kwa siku, na akifikia miezi 9 yampasa kula mara 3 au 4, na kitu kidogo katikati, pamoja na kunyonya. Sasa, ndugu, fanyeni hesabu. Mama aliyeko shambani tangu alfajiri hata jioni atawezaje kumlisha mara 4, kama hakutangulia kuandaa? Haiwezekani, hata akimpenda namna gani. Upendo usiotangulia hufika saa mbili za usiku, na mtoto amelala.

Basi mambo yanayowezekana katika nyumba zetu ni haya, nami nayasema kwa kuwa nimeyaona yakifanywa na kina mama wa umoja wa wanawake, si kwa kuwa mimi ni fundi wake. Jumamosi, au siku nyingine ambayo kazi ni pungufu, unga wa uji wa juma zima husagwa pamoja: mahindi au ulezi, na karanga au maharage yaliyokaangwa, uwekwe mahali pakavu ndani ya chombo chenye kifuniko. Mboga za wakati wa mvua, majani ya maboga na mnafu na kunde, huanikwa kivulini zikihifadhiwa kwa kiangazi. Kande hupikwa jioni kwa moto ule ule uliopika ugali, ichemke polepole wakati watu wanasali na kuzungumza. Alfajiri huwa imelainika, na sehemu ya mtoto hupondwa. Uji unaopikwa alfajiri hutiwa katika chupa ya chai iliyosafishwa kwa maji ya moto, nao hukaa na joto lake hata saa nne au saa tano, bibi amimine tu bila kuwasha moto. Parachichi halihitaji kupikwa kabisa. Nashangaa jinsi tunavyolihesabu kuwa mali ya kuuza, tukampa mtoto uji mweupe usio na kitu ndani yake.

Tena iko habari ya kimea. Wenyeji wote wa huku wakijua: ulezi huloweshwa, hufunikwa mpaka uchipue, huanikwa, husagwa. Kijiko kimoja cha unga huo kikitiwa katika uji mzito ulio vuguvugu, uji huwa mwepesi kumezeka bila kuongezwa maji, kisha huchemshwa tena kidogo. Hivyo mtoto hupata unga mwingi katika kikombe kidogo. Lakini hapa lazima niseme neno ambalo halitawafurahisha wote. Kimea hicho tumekifahamu kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya pombe. Nyumba inayopika pombe yajua kupanga siku nyingi mbele: siku ya kuloweka, siku ya kuotesha, siku ya kuanika, siku ya kusaga, siku ya kupika, siku za kungoja, wala haikosei hata siku moja. Na nyumba hiyo hiyo husema haikuweza kupanga uji wa mtoto kwa mchana mmoja. Wakati wa ulanzi ni vivyo hivyo. Mianzi hugemwa asubuhi na jioni kwa uaminifu mkubwa, mvua inyeshe isinyeshe. Kwa hiyo tusiseme ya kwamba watu wetu hawajui kutangulia. Wanajua sana. Twatofautiana katika kitu tunachokitangulia.

Chakula kilichowekwa nacho chataka akili. Baridi ya Makete na Njombe mwezi wa Juni huwadanganya watu wakadhani kila kilichopikwa kitakaa. Kiporo kisichofunikwa, kilichoguswa kwa mkono usiooshwa, chaweza kumwua mtoto kwa kuhara. Kifunikwe, kisikae siku nyingi, na kabla ya kumpa mtoto kichemshwe kabisa mpaka kitoe povu la moto. Kupasha joto tu hakutoshi. Na nafaka ziangaliwe zaidi. Mahindi yaliyovunwa mabichi na kurundikwa sakafuni huota ukungu wenye sumu, ile inayoitwa sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliwaua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kuosha hakuiondoi, wala moto wa jikoni hauimalizi. Punje zenye ukungu zisiliwe, wala zisipewe kuku, wala zisifanywe pombe. Anikeni juu ya turubai, si juu ya ardhi tupu. Kaukeni vizuri kwanza, ndipo mtie katika kihenge au mifuko isiyopitisha hewa.

Mpaka hapa akina baba wamesoma kwa utulivu, wakidhani maneno haya ni ya akina mama. Rudini ufuoni. Aliyewasha moto ni nani? Wala hapakuwa na mwanamke hata mmoja katika habari hiyo. Ni Bwana aliyepika, na waliolishwa ni wanaume 7 wenye nguvu. Basi mume akipasua kuni Jumamosi zitoshe juma, amefuata mfano ulioko katika Maandiko, wala watu wasimcheke. Nao wakimcheka, na wamcheke.

Lakini kazi ya baba yaanza mbele zaidi ya kuni. Yaanza mwezi wa Julai, wachuuzi wafikapo na malori yao na fedha taslimu. Mahindi wakati huo ni mengi na bei ni ya chini. Baba ana deni la mbolea, ana karo, na pengine ana tamaa ya pikipiki. Anauza magunia mpaka kihenge kinalia kitupu, na mwezi wa Februari ananunua debe kwa bei kubwa kuliko aliyouzia. Mama hakuulizwa wakati wa kuuza, lakini ndiye atakayeulizwa wakati wa njaa. Jambo hilo ni dhambi, nami siwezi kulipa jina jingine. Yosefu huko Misri alihesabu miaka 7. Sisi twaombwa kuhesabu miezi 12 tu. Kabla ya gunia la kwanza kupakiwa, mume na mke waketi pamoja, wahesabu vinywa vya nyumba yao hata mavuno yajayo, na kile cha nyumbani kiwekwe kando, mlango ufungwe. Ndipo wauze.

Neno kidogo juu ya Jumapili. Kina mama wengine hukosa ibada, au huingia wakati wa mahubiri na kutoka kabla ya Meza ya Bwana, kwa kuwa chakula cha wageni chawangoja. Sisi Walutheri hatuifanyi Jumapili kuwa nira. Aliye na mgonjwa na apike, asione shaka. Lakini kande iliyochemshwa Jumamosi imewapatia wengi nafasi ya kukaa na kusikiliza. Ninyi wageni nanyi, msimtazame mwenyeji vibaya akiwapa kiporo cha Jumapili.

Nimalizie kwa habari ya binti Yairo, katika Marko 5. Mtoto wa miaka 12 amefufuliwa, wazazi wamepigwa na bumbuazi, mitume watatu wamesimama wasijue la kusema. Katika nyumba ile wote walikuwa wakiutazama mwujiza. Yesu peke yake alimtazama mtoto, akaagiza apewe kitu cha kula. Aliyekuwa na uwezo wa kumrudishia uhai bila jasho angaliweza kumshibisha bila chakula. Hakufanya hivyo. Uhai aliutoa mwenyewe, na bakuli akawaachia wazazi.

Wainjilisti na wazee wa mitaa, kuna kazi yenu hapa. Lisomeni somo hili katika vituo vyenu mwezi wa Oktoba, kabla mvua hazijaanza. Baada ya ibada waketisheni waume na wake pamoja, si kina mama peke yao, mwulize mambo matatu: ni nyumba zipi zenye watoto wadogo watakaobaki na mzee au na mtoto mwenzao wakati wa kilimo, ni jirani gani ataweza kuwapikia watoto wa nyumba 4 au 5 kwa zamu, wengine wakimlimia shamba lake, na kila nyumba imeweka magunia mangapi ya kula. Andikeni majibu katika daftari la mtaa. Aliye na wahudumu wa afya kijijini mwake na awaalike na mizani yao. Msingoje Desemba, kwa maana wakati huo mtagonga kengele na hakuna atakayekuja. Wote watakuwa shambani.